Honi ya Malampaka

Malampaka
5 Julai 2026

Mdogo wangu Mboje,

Mwangaluka. Sisi wazima. Mama naye mzima, ila macho ndiyo yamezidi, sasa ananitambua kwa hatua tu. Michembe hii ya viazi ninayokutumia ameikata mwenyewe kwa kupapasa, kwa hiyo ukikuta kipande kinene kama kipande cha sabuni, ukile kimya, usicheke.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu hapa nyumbani ni moja na shemeji yako Luhende ndiye anayetembea nayo. Nikitaka kukupigia lazima aweke spika, na mji mzima unajua nimesema nini. Barua zangu zitapitia kwa Nasrin, yule niliyesoma naye Nyalikungu, mwenye duka la vitenge karibu na stendi. Yeye anampa konda wa basi la Bariadi, wewe unachukua mzigo Mbezi. Ukijibu fanya hivyohivyo, ataniletea siku ya mnada.

Reli mpya imetufikia. Unapajua kwetu: mimi na Luhende tuko upande wa juu, mama na lambo la maji wako upande wa chini. Imepita katikati yetu, na uzio wa waya umekamilika pande zote mbili, mrefu kuliko mtu. Nikikumbuka reli ya zamani nacheka peke yangu. Honi ikilia stesheni, baba alikuwa anasema "vusheni," tunavusha zizi zima, tunarudi kumfuata ndama aliyebaki, na treni ndiyo kwanza linatokea likikohoa.

Kivuko cha mifugo wametujengea, cha zege, kizuri. Lakini kiko mbali, upande wa kwenda Shinyanga, na ukitokea ng'ambo unaangukia kwenye ngitili ya watu. Wameyafungia malisho yao wakingoja kiangazi kikaze, ng'ombe wako akiingiza mdomo tu ni kesi. Luhende alienda mara moja akarudi hasemi kitu. Unamjua akinyamaza.

Usiwe na wasiwasi, tunapita hukohuko. Uji wa mama naupeleka asubuhi na jioni kama kawaida. Nilimwomba ahamie kwangu, akaniuliza kama nimechanganyikiwa, mama mkwe akakae mji mmoja na mkwe wake? Nikaacha.

Nakuuliza jambo moja tu, maana wewe ndiye msomi wa matreni. Hii mpya inakimbia kweli, au ni maneno ya redioni?

Dada yako,
Minza


Dar es Salaam
15 Julai 2026

Dada Minza,

Shikamoo. Michembe imefika na imekwisha. Nilidhani nitakula mwezi mzima, kumbe nimekaribisha nzige. Hata Philomena, mwenzangu wa Bukoba anayeringa na ndizi zake, alirudi mara tatu kwenye mfuko. Mwambie mama vile vipande vya sabuni ndivyo vilivyogombaniwa.

Unaniuliza inakimbia? Dada, ile ni ndege iliyosahau kuota mabawa! Unakaa, unafungua karanga zako, hujafika nusu ya pakiti mko Morogoro. Miti ya nje huioni kama miti, unaona ukuta wa kijani. Siku ya kwanza kukaa kule mbele niliona ng'ombe mbali kabisa nje ya uzio, nikageuka kumwonyesha mwenzangu, nilipotazama tena hata mkia sikuuona.

Huku Dar nako kila barabara inachimbwa kwa ajili ya mwendokasi. Watu wanalalamika vumbi, wanalalamika vibanda vimevunjwa, wanaapa hawatapanda. Siku mabasi yanapoanza, walewale ndio wa kwanza kwenye foleni na wanajipiga picha. Na huko kwenu itakuwa hivyohivyo. Mwambie shemeji avumilie, kwenda kivukoni ni mazoezi ya miguu.

Ila hapa nasema kweli, sitanii: mtu asisogelee ule uzio. Wanaouhujumu wanashikwa, na kesi yake si ya kumaliza kwa mwenyekiti wa kijiji.

Mimi bado ni dereva msaidizi wa kujifunza, niko darasani, usitegemee kuniona huko mwaka huu. Msalimie mama. Mwambie siku moja atanisikia kabla hajaniona.

Mdogo wako,
Mboje


Malampaka
28 Julai 2026

Mboje,

Barua hii isome ukiwa peke yako. Nimeiweka chini kabisa ya michembe.

Nilikudanganya. Hatupiti kivukoni. Luhende alikata waya siku ileile aliyorudi kutoka ngitilini, akakata kwenye kichaka cha migunga ambapo njia yetu ya zamani ilikuwa inakatiza. Upande wetu tundu, upande wa mama tundu. Tukishapita anarudisha waya, anaufunga na kuegemeza miiba, ukiwa mbali huoni kitu. Ng'ombe wanavuka kwenda lamboni na kurudi. Mimi napita hapohapo na uji wa mama.

Nilimwomba asifanye. Aliniambia, "Ng'ombe wangu ndio waliompeleka mdogo wako chuoni. Leo treni lake liwanyime maji?" Ni kweli mahari yangu ndiyo iliyokusomesha, na wale waliobaki mbavu zimeanza kuhesabika.

Namna tunavyovuka ni ileile ya baba. Kuna treni la kokoto la mafundi linalopita. Likilia honi Malampaka, walinzi wenye pikipiki wanakimbilia kule barabara ya malori inapokatiza reli, wanazuia magari, na huku kwetu panabaki wazi. Hapo ndipo Luhende anainua fimbo. Honi ikilia tunavuka, isipolia tunangoja. Treni lenyewe linakuja baadaye sana, ng'ombe wameshafika ng'ambo wanakunywa. Mpaka leo halijatukosea.

Lakini nasikia treni lenyewe la umeme litaanza kujaribiwa. Nilimsomea Luhende barua yako, zile habari za ndege na ukuta wa kijani. Alicheka sana. Alisema Mboje tangu akiwa mdogo anatia chumvi, aliwahi kusema ameona chatu kumbe mpira wa baiskeli. Sasa nakuuliza bila mchezo, unijibu bila mchezo: likilia Malampaka, tunao muda wa kuvuka au hatunao? Akiliona jibu lako limeandikwa kiutu uzima, bila utani, huenda akalisikia.

Na nakuomba, kwa maziwa tuliyonyonya, usimwambie mtu wa kazini kwako. Kijiji cha pili kuna mtu alichukuliwa kwa ajili ya waya na mpaka leo mke wake anahangaika na mahakama. Mimi nina mume, Mboje. Ana kichwa kigumu lakini ni mume wangu na nampenda.

Nijibu upesi. Roho yangu iko juu kila honi ikilia.

Minza


Mwanza
2 Agosti 2026

Dada Nasrin,

Salaam aleikum. Usishangae kuona Mwanza hapo juu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako pale dukani inashikwa na kila mteja, na meseji ya sauti ukiipokea unaisikilizisha stendi nzima. Hii ni siri, kwa hiyo isome halafu iwashie jiko.

Niko hapa tangu wiki iliyopita. Nimechaguliwa! Treni ya majaribio itatoka Mwanza kwenda Isaka, dereva ni mzee Ladislaus, na mimi ndiye msaidizi wake. Ni Alhamisi ya tarehe 13, asubuhi. Malampaka hatusimami, tunapita kwa mwendo wake kamili. Dada Minza hajui. Nimemwambia niko darasani, na nilikaribia kupasuka nikiiandika ile barua.

Naomba msaada wako. Siku hiyo nenda kwa mama, mtoe nje, mkalishe anapoweza kusikia vizuri. Hakikisha na Minza yupo pale. Mzee Ladislaus amekubali nipige honi mimi. Nitaipiga ndefu tukiwa stesheni ya Malampaka. Mama hawezi kuniona tena, nalijua hilo, lakini masikio yake hayajazeeka. Enzi zile honi ikilia, popote alipokuwa alikuwa anainua kichwa. Nataka ainue kichwa na wewe umwambie ni mwanao.

Usimwambie Minza sababu. Nikiona sura yake nikipita nitakuwa nimelipwa.

Mdogo wenu,
Mboje


Nyalikungu
6 Agosti 2026

Kwako Mboje bin Maringo,

Waaleikum salaam. Eti simu yangu inasikilizisha stendi nzima! Nawe barua yako ina siri kiasi kwamba konda aliniuliza kama ni ya posa. Hongera, mdogo wangu. Nimefurahi mpaka nimempimia mteja kitenge zaidi ya alicholipia.

Mipango nimeipanga. Nitatoka hapa Jumatano nilale Malampaka kwa shangazi, asubuhi niko kwa mama yenu. Nimemkatia kitenge kipya cha njano, nasikia rangi hiyo bado anaiona kidogo. Minza nimekutana naye mnadani. Nimemwambia Alhamisi asubuhi asikose kwa mama, kuna mzigo wake naleta. Akasema atakuwepo, uji lazima aulete. Hakuniuliza mzigo gani, na hiyo si kawaida yake.

Tena nikwambie. Amekonda. Nilipotaja treni ya majaribio alinishika mkono akaniuliza kama nimesikia ni saa ngapi. Nikadhani ni hamu. Nikamjibu nasikia ni asubuhi na kwamba honi itatangulia, mtaisikia wenyewe. Akauachia mkono wangu.

Halafu kila tukionana ananiuliza kama umemjibu barua aliyoituma na michembe mwisho wa mwezi uliopita. Nimeona huruma lakini ningesema nini, wakati mzigo umekwenda Mbezi na wewe uko Mwanza? Tuma mtu auchukue. Hata kama siri ni siri, mtu usimwache anakondeana kwa ajili ya michembe.

Mimi kesho nakwenda Bariadi kufuata bidhaa, narudi Jumanne.

Nasrin


Malampaka
9 Agosti 2026

Mboje,

Nasrin nimemkosa, amekwenda Bariadi. Barua hii nimempa konda mwenyewe mkononi.

Hukunijibu. Badala ya jibu lako wamekuja walinzi wapya. Wanapita wakipapasa uzio kwa mikono, nguzo kwa nguzo. Bado hawajafika kwenye migunga lakini watafika. Kabla sijakuandikia hawakuwa hivyo. Unataka nifikiri nini?

Nimefikiri. Umeniuza. Umeona kazi yako ni tamu kuliko sisi.

Luhende ameanza kuniuliza kama nimesema na mtu. Nimemtazama usoni nikasema hapana, na mimi si mwongo, wewe unajua. Sasa ameapa hatuvuki tena kiholela. Hata kama lambo liko mbele ya macho na ng'ombe wanalia, hakuna kusogea mpaka honi isikike Malampaka na walinzi wakimbie. Alhamisi likija hilo treni lenu kubwa, anasema ndiyo siku nzuri kuliko zote, walinzi wote watakuwa barabarani wakiwazuia watu wanaokwenda kushangaa. Atavusha kundi lote. Na mimi Nasrin ameniambia niwe kwa mama, kwa hiyo nitatangulia mbele na sufuria ya uji, ng'ombe wanifuate.

Nilimwambia tena kuhusu mwendo wake. Akasema, "Honi ni honi."

Kama hukuniuza, niambie. Kama umeniuza, basi nakuomba uje mwenyewe kumfunga shemeji yako pingu, usitume watu.

Minza


Nyalikungu
14 Agosti 2026

Mboje,

Salamu nitakupa siku nyingine.

Nilimtoa mama yako nje jana asubuhi kama ulivyoniagiza. Nimemvalisha kitenge, nimempaka mafuta, nimemweka kwenye kigoda. Sikuweza kuvumilia, nikamwambia, "Mama, leo Mboje anapita, atakusalimia kwa honi." Alisimama. Mama asiyesimama bila kushikwa! Akageuza sikio kuelekea Malampaka, akakataa kukaa tena.

Tukangoja. Minza hakutokea. Honi haikulia.

Mara naona treni hilo hapo, jeupe, linakuja polepole kama mtu anayesindikiza mgeni. Kimya. Hata mbwa hawakubweka. Ndiyo mwendo kamili huo uliojisifia? Likapita mbele yetu lote, na mama yako bado amegeuza sikio Malampaka. Nikamwambia, "Mama, limepita." Akasema, "Hapana, bado halijalia." Alisimama pale mpaka miguu ikamtetemeka nikamkalisha kwa nguvu.

Ulishindwa nini, Mboje? Kuvuta kamba, kubonyeza kitufe, sijui mnafanyaje, ulishindwa nini? Nilimdanganya labda kifaa kimeharibika. Nilipoondoka alikuwa bado ametega sikio.

Na si hilo tu. Nilisikia kelele upande wa juu, pikipiki, watu. Baadaye nikaambiwa uzio umekutwa na tundu kule kwenye migunga na Luhende amechukuliwa na polisi, yuko hapa Nyalikungu mahabusu. Minza nimemwona kituoni, amekaa chini na sufuria ya uji pembeni yake. Nilimwuliza kama alijua habari za tundu. Alinitazama kama mimi ndiye niliyekata.

Mimi sielewi kitu. Nimebeba barua zenu kama punda na hakuna aliyeniambia nimebeba nini. Kama unaelewa, mwandikie dada yako.

Nasrin


Isaka
17 Agosti 2026

Dada Minza,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nakuamkia.

Barua zako mbili nilizisoma nikiwa ndani ya treni. Sikuwa Dar, nilikuwa Mwanza, nilikuficha ili nije nikushangaze. Siku ile asubuhi ndipo mzigo wa michembe uliponifikia kutoka kwa Philomena, aliyeuchukua Mbezi, na barua yako ya pili ameibandika juu ya mfuko. Simu tulishakabidhi, hatupandi nazo. Nilichukua mfuko nikapanda nao kwa sababu mzee Ladislaus anapenda michembe. Barua nikaiweka mfukoni nikisema nitaisoma Isaka, utakuwa unanigombeza kwa kutojibu.

Tulipopita Bukwimba alinipa ruhusa tule. Nikatia mkono mpaka chini nikakuta karatasi. Nikasoma, kisha nikaisoma na ile ya mfukoni. 

Sikukuuza. Wale walinzi waliongezwa kwa sababu ya majaribio, njia nzima, kuanzia Mwanza. Sikuwa nimemwambia mtu kwa sababu sikuwa nimejua chochote. Hilo liamini hata kama mengine hutaki.

Ninachokuja kukuambia sasa ndicho kitakachokuuma. Nilipoinua macho kutoka kwenye karatasi, stesheni ya Malampaka ilikuwa inaonekana. Mzee Ladislaus akanitazama, akacheka, akaniambia, "Haya kijana, msalimie mama." Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye honi. Nilijua nikibonyeza tu, shemeji anainua fimbo na wewe unatangulia. Kutoka stesheni mpaka kwenye migunga, kwa mwendo ule, hata sufuria ya uji usingewahi kuishusha kichwani. Ile honi niliyoiandaa kwa mama ndiyo ingekuita.

Nikaondoa mkono. Nikamwambia mzee tusipige honi, apunguze mwendo, kuna watu. Alivuta breki kabla hajaniuliza, Mungu ambariki. Kisha akasema tundu la uzio lazima litajwe kwenye redio ya treni, hakuna namna, kuna watu nyuma yetu na treni nyingine zitapita. Angeweza kusema yeye. Nikashika redio mimi. Nilisema baada ya Malampaka, kwenye kichaka cha migunga, uzio una tundu, kuna watu na mifugo. Wakaniuliza nimejuaje. Nikasema dada yangu yuko hapo. Jina la shemeji sikulitaja, lakini tundu nimelitaja kwa mdomo wangu.

Nilikuona. Tulikuwa taratibu kiasi kwamba niliona mfuniko wa sufuria umefungwa kwa kanga. Mguu mmoja ulikuwa umeshauingiza kwenye tundu. Ulikuwa unatazama Malampaka, ukisikiliza, na shemeji nyuma yako ameshika fimbo, ng'ombe wamebanana kwenye miiba. Hukugeuka mpaka tulipokuwa mbele yako. Nilikupungia mkono kupitia kioo. Sijui kama uliniona.

Hapa Isaka wamenipongeza. Waliniita mbele wakasema nimeokoa maisha, wakapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke. Hakuna aliyejua kwamba aliyekamatwa ni mtu ambaye ng'ombe wake ndio walionivalisha ile sare.

Nimeomba likizo nije mahakamani. Ukisema nisije, sitakuja.

Mboje


Malampaka
30 Agosti 2026

Mboje,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira. Bado ninayo, lakini nimechoka kuibeba peke yangu.

Nilikuona. Niliona mkono kwenye kioo, sikujua ni wa nani. Nilidhani ni mgeni rasmi anatupungia sisi watu wa porini.

Ulichoandika kuhusu redio nimemsomea Luhende chote, sikuruka neno. Yuko nje kwa dhamana, kesi inatajwa tena mwezi ujao. Nikueleze lilivyokuwa, maana hukuliona. Pikipiki zilipofika mimi ndiye niliyekuwa kwenye tundu. Walinishika mimi. Mlinzi ameshaniambia nikae chini, Luhende akaweka fimbo chini, akaja mwenyewe, akasema, "Mwacheni huyo, nimekata mimi, yeye anampelekea mama yake uji." Hakusukumwa, hakupigwa. Alinyoosha mikono. Kwa hiyo usijisumbue kufikiri ni wewe uliyemtaja.

Alhamisi iliyopita lilipita tena, lina dereva mwingine. Tundu limeshazibwa, tumesimama tu upande wetu wa juu pamoja na ng'ombe, wameelekezwa kivukoni. Likalia Malampaka. Luhende aliinua fimbo, Mboje, mkono ulijiinua wenyewe kama miaka yote. Fimbo ikiwa bado juu treni lilikuwa limeshatupita, upepo umemvua kofia. Akakaa chini kwenye vumbi. Jioni aliniambia, "Safari hii hakutia chumvi." Ni hilo tu, na mimi sikumwongezea.

Mwenye ngitili tumeongea naye. Ametuachia kijia cha kupitia pembeni mpaka mvua zije, Luhende anamlimia. Ng'ombe wanafika lamboni wamechoka lakini wanafika. Mimi uji naupeleka mara moja tu kwa siku, nao unafika umepoa. Mama anaunywa hivyohivyo.

Njoo mahakamani. Luhende mwenyewe ndiye aliyesema uje. Usije na sare.

Kuhusu mama sijui nikuambie nini. Nimemweleza kila kitu, kwa nini hukupiga honi, nimemweleza kwa Kisukuma taratibu, mara mbili. Anaitikia. Halafu asubuhi anavaa kile kitenge cha njano anatoka na kigoda chake. Kila treni likilia ananiuliza, "Ni yeye?" Namjibu bado.

Ukipangiwa tena njia hii, piga honi, mdogo wangu. Piga ndefu. Hakuna tena anayevuka.

Dada yako,
Minza